Barua ya wazi kwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi: Nyavu haramu hazishuki ziwani zenyewe

Mheshimiwa Waziri,

Salaam kutoka visiwani, Ziwa Victoria. Mimi ni katibu wa BMU, yaani kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi mwaloni, katika mwalo mmoja (mahali mitumbwi inapopakulia samaki) upande wa Ukerewe, na kabla ya ukatibu nilikuwa mvuvi wa makila, wavu wa kutega. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua zinazopita ofisi kwa ofisi zina tabia ya kulala mezani, na hili ninalotaka kusema linawahusu wengi.

Niruhusu nianze na wavu wenyewe, maana mijadala mingi ya uvuvi haramu huendeshwa na watu ambao hawajawahi kuushika. Wavu wa makila hauburuzwi kama kokoro. Unategwa jioni, maboya juu, vizito chini, unasimama wima majini usiku kucha. Sangara akija gizani anapenyeza kichwa kwenye jicho la wavu. Akitaka kurudi nyuma, uzi unamkaba kwenye matamvua. Mdogo kuliko jicho anapita zake. Kwa hiyo mvuvi wa makila hachagui samaki akiwa ziwani. Alishamchagua siku ile aliponunua wavu.

Sasa tazama sheria yetu inaanzia wapi kazi. Najua Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake hazimwachi muuzaji wala mwenye ghala la nyavu haramu. Kwenye karatasi wote wamo. Lakini doria inafika mwaloni, haifiki dukani. Kuna kijana alituletea kipande kipya cha wavu, bado kimefungwa kama kilivyotoka dukani, akaomba tumpimie kabla hajakishusha majini. Tukalinyoosha jicho, fundo hadi fundo, tukaweka rula. Halikufika inchi zilizoandikwa kwenye lebo. Tukajaribu jingine, na jingine, upungufu ule ule. Kijana akauliza: "Katibu, sasa hapa mhalifu ni nani?" Nilimwambia akirudishe. Duka likakataa, kwa maelezo kwamba kifungashio kimeshafunguliwa. Hela ile ilikuwa ya mkopo.

Kijana huyo alikuwa mwaminifu. Wapo wasio waaminifu, tena wengi, na sitawatetea. Ila hata hao, mara nyingi wavu si wao. Mwenye mtumbwi, injini na nyavu ni tajiri ambaye anaishi mjini na huja mwaloni siku ya mgawo. Wanaokuwemo mtumbwini ni vibarua wanaogawana kilichobaki baada ya mafuta kutolewa. Doria ikiwakuta, wao ndio wanaolala mahabusu, nyavu zinachomwa, na baada ya wiki mbili tajiri analeta kundi jingine na nyavu nyingine. Ni kumkamata konda kila siku na kumwacha mwenye daladala.

Operesheni Sangara ya mwaka 2018, ule msako wa serikali dhidi ya uvuvi haramu, ilichoma nyavu nyingi sana. Sibishi kwamba ziwa lilihitaji kupumua. Ninachosema ni kwamba moto unamaliza wavu, haumalizi biashara ya wavu.

Naomba nikupeleke mbali kidogo, Mheshimiwa. Kusini-magharibi mwa Alaska kuna ghuba inaitwa Bristol Bay. Huko wanavua samoni kwa wavu wa aina hii hii yetu, unaomkamata samaki kwenye matamvua. Mwaka 2022 walirudi samoni zaidi ya milioni 70 katika ghuba ile, baada ya zaidi ya miaka mia ya uvuvi wa kibiashara. Nimesoma kanuni zao kwa miezi, kwa udadisi wa mtu wa kazi, na kilichonishangaza si ukali wake. Ni jinsi mzigo ulivyogawanywa.

Mvuvi ana wajibu wake, tena mzito. Boti isizidi futi 32. Wavu wa kuelea wa leseni moja usizidi fathomu 150, yaani kama mita 274. Boya la wavu lazima liwe na namba ya chombo, ili wavu ukikutwa ajulikane mwenyewe. Na hili ndilo ningependa ulisome mara mbili: mwenye leseni lazima awepo mwenyewe wakati wavu wake unavua. Hawezi kukaa mjini akatuma watu. Leseni zenyewe zina ukomo wa idadi tangu sheria ya mwaka 1973, kwa hiyo anayeichezea anajua amechezea nini.

Mnunuzi naye ana wajibu. Kila samaki wanapopakuliwa, inajazwa stakabadhi: kilo ngapi, wamevuliwa eneo gani, kwa leseni ya nani. Stakabadhi hiyo ni kumbukumbu ya serikali, na mnunuzi ndiye anayewajibika ifike.

Kisha serikali. Hapa ndipo nilipokaa nikafikiri. Kwenye mito ile kuna minara, na juu ya minara hukaa wahesabuji. Wanahesabu samoni wanaopanda mto kwenda kuzaa, dakika kumi kila saa, kila ukingo, usiku na mchana kwa msimu mzima. Hesabu ikionyesha kwamba wazazi wa kutosha wamepita, eneo linafunguliwa kwa saa kadhaa, wakipungua, linafungwa. Tangazo linatoka redioni, na mvuvi anayeshusha wavu kabla ya saa iliyotajwa ana kesi. Anaambiwa funga, lakini anaambiwa pia kwa nini, na anaweza kuiona hesabu yenyewe.

Najua utaniambia sangara si samoni. Ni kweli. Samoni hurudi mtoni alikozaliwa, huzaa mara moja, hufa. Anapita mlangoni na anahesabika. Sangara yumo ziwani mwaka mzima, ziwa lenye kilomita za mraba zaidi ya 68,000, na nchi tatu zinaligawana. Mnara hautatusaidia. Wala siombi tuwe Alaska. Wenzetu wana pesa na wana watu wachache. Lakini stakabadhi haihitaji mnara. Namba kwenye boya haihitaji mnara. TAFIRI, taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi, wanafanya tafiti zao za ziwa, na wataalamu wapo hapo Mwanza. Matokeo yale yangefika kwenye ubao wa mwalo, kwa Kiswahili cha kawaida, katazo lingekuwa na uso mwingine. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Wavuvi wa kule walipewa tarehe. Nasi likitufika, tungependa tarehe ije na hesabu.

Kuhusu wanunuzi, nitasema wazi maana hapa mwaloni watu hulisema kwa kunong'ona. Sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi. Lori la kiwanda likija, rula inatoka. Lakini yule aliyekataliwa na rula harudi majini, keshakufa. Anakwenda kukaangwa, au anapasuliwa na kutiwa chumvi awe kayabo, safari ya Kongo. Akishakuwa kayabo nani atajua alikuwa na sentimita ngapi? Maadamu kuna mtu anayemlipia samaki mdogo, hata kwa bei ya kutupa, kuna mtu atakayetega wavu wa jicho dogo.

Na sisi BMU, tusijifanye malaika. Mkaguzi wetu anaishi nyumba ya tatu kutoka kwa anayemkagua, wake zao wanachota maji pamoja. Petroli ya doria tunaomba kwa wavuvi wale wale tunaopaswa kuwakamata. Mtu akikupa lita kumi, kesho utafungua nyavu zake kwa macho gani?

Ninachokuomba, basi, ni hiki. Leseni ya uvuvi wa makila imtaje mwenye nyavu kwa jina, na zikikamatwa nyavu haramu, aitwe yeye kwanza kabla ya kibarua. Kila boya libebe namba inayosomeka. Hili litawasaidia hata waliopotezewa nyavu na dhoruba, kwa sababu wavu uliopotea haukomi kuvua. Unaendelea kunasa samaki wanaooza bila mlaji. Litasaidia pia kwenye wizi wa nyavu, ambao ni kilio cha kila mwalo ninaoujua. Wakaguzi wapime nyavu bandarini na ghalani kabla hazijafika dukani, na duka lililouza jicho pungufu lirudishe hela. Mawakala, hata wa kayabo, waandike wamenunua nini na kwa nani. Na BMU tupewe mafuta ya doria kutoka kwenye ushuru unaokusanywa hapa hapa mwaloni, ili tuache kuwa ombaomba kwa tunaowasimamia.

Wavuvi watalalamika kuhusu namba za maboya. Nimeshawasikia wakisema ni njia ya kuwatoza. Nipo tayari kusimama mbele yao na kulitetea jambo hilo, kwa sharti moja: niwe na barua ya wizara mkononi inayoonyesha kwamba siku hiyo hiyo mwenye duka na tajiri nao wameandikiwa.

Mkutano wa mwalo wetu hufanyika kila mwezi chini ya mwembe, karibu na mzani. Ukituma mtu, tutampa nafasi ya kwanza kuzungumza, na kipande kile cha nyavu bado ninacho ofisini. Aje na rula yake.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Katibu wa BMU
Ukerewe