Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama wafugaji wa kuku wa mayai ya rangi, Unguja

Ndugu wanachama, Assalaamu alaykum.

Hesabu za fedha atazisoma mshika fedha. Mimi nasema tu kuwa ada zinachelewa, na wanaozichelewesha wanajijua. Taarifa yangu khasa ni juu ya jogoo.

Mwaka huu malalamiko yamekuwa ni yale yale: koo anataga mayai ya buluu, tembe wake, yaani binti zake wanaoanza kutaga, wanataga ya rangi ya maziwa kama kuku wengine wa mtaani. Wapo waliotaja hasadi. Hapana, ni nasaba. Buluu hii imetoka kwa kuku wa Araucana wa Chile, na kinasaba chake kina nguvu: kuku akikirithi kwa baba au kwa mama tu, yai linatoka buluu. Lakini chotara aliyekirithi upande mmoja, akipandwa na jogoo wa jirani asiyekuwa nacho, katika kila tembe wawili mmoja hivi anatoka mtupu, hana kinasaba hicho. Chotara kwa chotara, ni mmoja katika wanne. Na jogoo hatagi, kwa hiyo huwezi kujua amebeba nini mpaka binti zake watage. Ndiyo maana kamati inaomba pora, jogoo mchanga, anayetoka kwenye yai la buluu au kijani afungwe uzi mguuni, asichinjwe Sikukuu kabla hatujamtazama. Najua hili litawaudhi wengi.

Pale sokoni Darajani mteja mmoja alidai mayai yetu ya kijani yamepakwa rangi. Mwenzetu hakubishana, alilivunja moja akamwonesha gamba kwa ndani: buluu tupu. Buluu huingia gamba zima, ilhali rangi ya kahawia hupakwa juu mwishoni, yai likikaribia kutoka. Zikikutana ndiyo kijani. Yai la kahawia ndani ni jeupe. Mteja alinunua trei. Na lile alililipia vilevile.

Jambo moja silipendi. Wapo wanaouza yai la buluu kama dawa ya sukari au ya nguvu. Ladha na lishe haziletwi na gamba. Kiini kikiwa cha manjano iliyokolea, ni kwa sababu kuku amekula majani. Tuuze uzuri wake, unatosha.

Mdondo, yaani kideri, umepita tena, na waliopoteza kuku wengi ni wale walioruka chanjo. Ni tone moja jichoni, kila miezi mitatu, kuku akiwa mzima. Akishaanza kupinda shingo umeshachelewa. Kunguru naye, mgeni aliyeletwa mwishoni mwa karne ya 19 ale takataka za mji, bado anapenda zaidi vifaranga vyetu. Wafunikeni kwa tenga mpaka waote manyoya.

Mayai ya kubadilishana kwa ajili ya kuatamiwa yaletwe kabla ya masika. Yasizidi wiki moja tangu kutagwa, yasioshwe, yawekwe ncha chini, na jina la mwenye koo liandikwe kwa penseli. Kila mtu achukue ya ukoo mwengine, si ya nyumba yake. Atakayeleta mayai ya dukani ili kujaza trei, kama ilivyowahi kutokea, atarudi nayo.

Mwenyekiti