Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Waendesha Baiskeli, Minneapolis

Ndugu wanachama,

Mahesabu mtayasikia kwa mweka hazina, na hayana la kutisha. Mimi nitazungumzia njia zenyewe, kwa kuwa mwaka huu hatimaye tumetoka mjini.

Makao yetu bado ni Midtown Greenway, njia ya baiskeli ya hapa mjini. Ni maili 5.5, kama kilomita 9, na sehemu yake imo ndani ya mtaro mkubwa uliochimbiwa reli zaidi ya miaka 100 iliyopita ili treni zipishane na barabara za mji. Sehemu ya kwanza ilifunguliwa mwaka 2000, na mwaka 2006 ikafika Mto Mississippi. Utamu wake ni saa za watu kutoka kazini: juu kwenye madaraja magari yamebanana yanapiga honi, wewe uko chini unakanyaga pedali huna habari na taa za barabarani. Theluji nayo huondolewa, ndiyo maana wabishi wetu hawakupumzika hata Januari. Mimi simo, na sioni haya.

Malalamiko yaliyonifikia karibu yote ni ya kupishana. Wengi wetu tumekulia Kenya na Tanzania, tukishika kushoto. Hapa tunashika kulia, tunampita mtu kwa upande wake wa kushoto, na kengele inalia kabla hujamfikia, si ukiwa umeshamgusa bega. Kamati imeamua: baiskeli isiyo na kengele haitoki na kundi.

Sasa njia ya Root River, kusini-mashariki mwa jimbo letu la Minnesota. Njia ina maili 42, kutoka Fountain hadi Houston, nayo pia ilikuwa reli. Tulianzia Fountain, kijiji kilicho juu, tukateremka bondeni hadi Lanesboro, miamba ya chokaa upande mmoja, mto ukijikunja upande mwingine. Pale Whalan tulikula pai mpaka watu wakasahau kwamba kuna kurudi. Kurudi ndiko kulikozua mzozo. Wenye mbio walitangulia. Wazee na watoto wakabaki nyuma na pancha moja, pampu ikiwa mbele na wenye mbio.

Msimamo wangu ni huu. Treni haiwezi kupanda mlima mkali, kwa hiyo waliojenga reli walikata vilima na kujaza mabonde ili mwinuko uwe mdogo. Njia ya namna hiyo haimshindi mzee mwenye baiskeli ya gia tatu. Anayetaka mashindano ana siku nyingine sita za wiki. Napendekeza kila safari iwe na mtu wa mwisho aliyeteuliwa, na pampu, viraka na tyubu za akiba vikae kwake.

Mwaka ujao tunakusudia kupita njia ya Gateway, maili 18 kutoka St. Paul, tukikata kuingia njia ya Brown's Creek hadi mji wa Stillwater. Hapo kuna daraja la kuinuliwa la mwaka 1931. Magari yalihamishiwa daraja jipya mwaka 2017, na sasa la zamani ni la waenda kwa miguu na baiskeli. Ukilivuka uko jimbo la Wisconsin. Njia ya Cannon Valley nayo imeombwa na wengi. Kumbukeni tu kwamba kule mtu mzima hulipia kibali cha kupita.

Pendekezo la mtu wa mwisho litapigiwa kura baada ya chai. Wenye magari ya kubebea baiskeli, tafadhali mwandikisheni katibu majina yenu kabla hamjaondoka.