Fundi asiondoke kabla hajapima laini ya hita

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niseme na Waswahili wenzangu tunaoishi Uingereza, hasa sisi wa Scotland tuliopanga fleti zisizo na gesi, ambako joto lote la nyumba linategemea umeme.

Hita zetu nyingi ni zile za matofali. Usiku umeme unaposhuka bei, matofali yaliyo ndani hupata moto, kisha mchana hulitoa joto lile polepole. Tangu miaka ya 1980, saa za kuziwasha na kuzizima ziliongozwa na ishara iliyorushwa pamoja na matangazo ya BBC Radio 4, masafa marefu. Mitambo hiyo imechakaa, na mwishoni mwa Juni 2025 huduma ikaanza kuzimwa eneo baada ya eneo, huku nyumba zipatazo 300,000 zikiwa bado na mita za zamani zinazoitegemea ishara hiyo. Kubadilisha mita sikupingi. Ninachopinga ni namna kazi inavyofanywa.

Kwangu fundi alikuja mchana. Aling'oa mita ya zamani, akafunga mita janja (smart meter, inayosomwa kutoka mbali), taa zikawaka, friji ikanguruma, akasema kila kitu sawa, akaenda zake. Usiku hita hazikupata umeme. Kulipokucha nyumba ilikuwa baridi na maji ya kuoga pia baridi, kwa sababu tangi la maji moto liko kwenye laini ya umeme ileile ya hita. Kampuni ya umeme ilipopokea simu yangu ikaniambia hita huenda ni mbovu, nitafute fundi wangu. Hita zilizofanya kazi vizuri mpaka siku ile ile!

Fleti hizi zina laini mbili. Ya taa na soketi ina umeme saa zote. Ya hita na tangi hufunguliwa saa za bei nafuu tu. Kwa hiyo mita mpya lazima iwe ya aina inayoweza kuifungua na kuifunga laini hii ya pili, waya wake uunganishwe panapostahili, na kampuni iingize ratiba sahihi. Kimoja kikikosekana, mnalala na makoti. Na laini ikiachwa wazi kutwa, hita zitakula umeme wa bei ya juu, nanyi hamtajua mpaka bili ifike.

Ndugu zangu, mita ina hesabu ya usiku na ya mchana. Zipigeni picha kabla ya kulala na mkiamka. Ikiwa ya usiku imesogea kiasi cha friji tu, huo ni ushahidi. Malalamiko yaandikeni, msiishie kwenye simu. Wiki 8 zikipita bila ufumbuzi, Energy Ombudsman, msuluhishi huru wa malalamiko ya umeme na gesi, hupokea kesi bila malipo, na shirika la hisani la Citizens Advice hutoa ushauri bure. Wazee, wagonjwa, wenye watoto wadogo na hata wasiomudu Kiingereza wana haki ya kuandikishwa kama wateja wa kipaumbele. Wengi wetu hatulijui hili, na wazazi wetu ndio wanaoumia.

Kampuni nazo ziagize kwamba fundi haondoki kabla hajapima laini ya hita, na asubuhi inayofuata mtu wa ofisini aisome mita kutoka hukohuko aliko aone kama hita zilipata umeme. Hazikupata? Fundi arudi siku hiyohiyo, bila mteja kubembeleza.

Msomaji wako,
Aberdeen, Scotland