Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa: "Hana saratani" si sawa na "ni mzima"

Mheshimiwa Mganga Mkuu wa Mkoa,

YAH: FOMU YA RUFAA YA BINTI YANGU

Salamu, na pole kwa majukumu. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Hii ni barua ya nne. Tatu za kwanza nilizileta kwa mkono wangu, zikagongwa muhuri wa "IMEPOKELEWA", na kwa kweli muhuri wenu unasomeka vizuri sana. Hii naiweka hadharani kwa sababu ya Jumatatu iliyopita.

Jumatatu karani alinirudishia fomu kupitia dirishani. Juu yake mtu ameandika kwa kalamu nyekundu: "Hana saratani. Si dharura." Karani akaniambia, "Mama, ungemshukuru Mungu. Wenzio wanalilia majibu kama haya." Nikamshukuru Mungu. Kisha nikapanda daladala na mtoto wa miaka 13 aliyejikunja kwenye kiti, mikono tumboni, akisema panauma palepale pa mwaka jana.

Mwaka jana unaukumbuka? Mimi ninaukumbuka. Alitibiwa minyoo mara mbili, taifodi mara tatu, na vidonda vya tumbo mara sijui ngapi. Damu ilikuwa inapungua, choo cheusi, tukapewa vidonge vya kuongeza damu. Siku alipotapika nyongo usiku kucha ndipo wakampasua. Daktari aliyempasua, Mungu ampe umri mrefu, alinieleza kwa lugha ya kazi yangu maana alijua mimi ni fundi cherehani. Alisema utumbo ulijiingiza ndani ya utumbo, kama mkono wa shati unapouvuta ukajikunjia ndani. Kilichouvuta ni kinyama kilichoota ukutani mwake. Damu haikupita, kipande kikafa, wakakikata. Kinyama kilipopimwa: si saratani.

Daktari huyohuyo ndiye aliyemshika kidevu akamtazama midomo. Binti yangu ana madoa meusi mdomoni tangu akiwa mdogo, mpaka ndani ya mashavu. Shuleni wanamwita Zambarau, kana kwamba ametoka kula zambarau sasa hivi. Tulidhani ni urembo tu wa kuzaliwa nao. Kumbe ugonjwa huu una jina, Peutz-Jeghers. Peutz wa Uholanzi aliuandika 1921 na Jeghers wa Marekani akauandika 1949. Yaani madaktari wanayajua madoa haya kabla bibi yangu hajaolewa.

Chanzo, aliniambia, ni hitilafu kwenye jeni, yaani agizo la mwili tunalorithi kwa wazazi, iitwayo STK11. Ilitambuliwa 1998. Kazi yake ni breki: huiambia seli inayojigawa, basi, inatosha. Wanaiweka kwenye kundi la jeni za kuzuia uvimbe, na nadhani hapo ndipo ofisi yako ilipopotelea. Mtu kasoma "kuzuia uvimbe", kaangalia majibu, hakuona saratani, akafunga faili. Lakini breki ikiharibika, si lazima gari liue siku hiyohiyo. Kwanza linagonga kuta. Vinyama vinaota utumboni, vinavuja damu, vinaziba njia, vinauvuta utumbo ujimeze. Hayo yote yanatokea bila saratani, na yanaua. Hiyo saratani yenyewe, mnayoisubiri kama mgeni rasmi, hatari yake kwa wenye kasoro hii ni kubwa kuliko kwa watu wengine wakishakuwa watu wazima. Je, mnataka aje nayo mkononi ndipo fomu isainiwe?

Marehemu mume wangu alikuwa na madoa hayohayo. Kwenye midomo yalikuwa yamefifia, ndani ya mashavu yalibaki. Alikufa kwa "tumbo kujifunga". Msibani walisema amerogwa, na macho yote yakanigeukia mimi. Sina cheti cha kuthibitisha kilichomuua, ila nikiyaunganisha ninaona nilibeba lawama ya jeni.

Sasa kitinda mimba wangu naye ana doa mdomo wa chini. Mzazi mwenye kasoro hii humrithisha mtoto nusu kwa nusu, kama kurusha shilingi. Wataalamu wanashauri mtoto apimwe kwa kamera ya kuangalia ndani ya utumbo anapofika miaka 8, na akikutwa na vinyama arudiwe takriban kila miaka 3, ili vile vikubwa vitolewe kabla havijauvuta utumbo. Mwezi wa tisa anatimiza 8.

Kamera tunayo, Mheshimiwa. Nilikuwepo siku ulipokata utepe, nikapiga makofi, tukaambiwa hakuna tena mwananchi wa mkoa huu kwenda Dar kwa ajili ya kipimo. Ilifanya kazi miezi michache. Sasa mlango una kufuli na karatasi imeandikwa "fundi anasubiriwa". Wengine wanasema kuna kifaa kilivunjika, wengine wanasema kuna watu wanafurahi tukielekezwa kwenye zahanati zao binafsi. Mimi sijui, nashona tu magauni. Ila fundi wangu wa cherehani namsubiri siku mbili, sio miezi kumi na moja.

Basi, kamera acha. Isubiri fundi wake. Hata faini ya kutoona madoa kwa miaka 13 siidai. Naomba saini. Saini moja kwenye fomu ya rufaa, binti yangu apelekwe kwenye kamera inayofanya kazi, na jina la mdogo wake liandikwe chini yake. Na yule mwenye kalamu nyekundu aambiwe afute yale maneno mawili ya mwisho.

Jumatatu nitakuwa kwenye benchi la nje ya ofisi yako kuanzia saa moja asubuhi. Kalamu ya bluu nitakuja nayo mwenyewe.

Wako katika kusubiri,
Mama wa watoto wawili, fundi cherehani