Yah: Mtihani wa kumi wa leseni, na gari la kivuli lenye breki ambazo sisi hatuna tena

Mkuu wa Huduma kwa Wateja,

Ndugu,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Hii ni barua yangu ya tatu. Zile mbili za mwanzo zilijibiwa ndani ya dakika mbili, jambo ambalo ningelishukuru, ila majibu yalikuwa yaleyale neno kwa neno: nizime mtambo, niuwashe upya, nihakikishe intaneti iko sawa. Nimezima. Nimewasha. Intaneti haina neno. Safari hii naomba barua isomwe na binadamu, na kama si kuwachosha, awe binadamu aliyewahi kukanyaga mafuta ndani ya gemu yenu ya mbio za magari.

Shida yangu ni hii. Sasisho mlilotoa miezi miwili iliyopita lilibadilisha tairi za magari ya kawaida, lakini mitihani ya leseni, yale majaribio mafupi ya udereva yanayomfungulia mchezaji mashindano, hamkuigusa. Gari la kivuli, yaani rekodi ya dereva wenu inayotuonyesha njia, bado linatembea na tairi za zamani, na muda wa medali ya dhahabu ni uleule uliopimwa kwa tairi hizo. Sisi tunaofanya mtihani leo tunapewa tairi mpya ambazo mshiko wake umepungua, halafu tunaambiwa tulifukuze gari hilo. Naeleza kwa kirefu, maana nilipoeleza kwa kifupi sikueleweka.

Mtihani wenyewe ni wa kumi katika leseni ya pili. Unafanyika Monza, Italia, mwishoni mwa ule mstari mrefu ulionyooka. Gari ni dogo la milango miwili, la kusukumwa na tairi za nyuma. Unaanza likiwa tayari kwenye mwendo, unafika kwenye kona mbili zilizobanana, ya kwanza kulia, ya pili kushoto, unatoka, unavuka mstari. Basi. Dhahabu ni sekunde 19.400. Ukigusa nyasi umefeli. Ukipitisha tairi zote nne nje ya mstari mweupe umefeli. Nakubali masharti hayo yote, na sijaandika barua hii kuomba mtihani urahisishwe. Mitihani tisa ya leseni hiyo nina dhahabu zake zote, na nilizipata kabla ya sasisho. Huu wa kumi nilikuwa nimeufikisha sekunde 19.462. Nilibakiza sekunde 0.062, nikalala nikijua kesho yake namaliza. Kesho yake ndiyo siku mliyotoa sasisho.

Tangu hapo nimejaribu mara 212. Muda wangu bora sasa ni 19.871. Yaani kwa mazoezi yote hayo nimerudi nyuma kwa sekunde 0.409.

Najua jibu la kwanza litakalowajia: mchezaji ameshuka kiwango. Ndiyo maana nilifanya kazi ambayo kwa haki ingefanywa na mtu wenu. Kabla ya sasisho nilikuwa na tabia ya kurekodi majaribio yangu. Nikachukua video moja ya zamani na moja mpya, gari lilelile, mahali palepale, breki imekanyagwa mpaka mwisho, nikahesabu picha mojamoja kuanzia kipima mwendo kinaposoma kilomita 216 kwa saa mpaka kinaposhuka kwenye 72. Gemu yenu inaonyesha picha 60 kwa sekunde. Video ya zamani ilichukua picha 245. Mpya ilichukua 272.

Kilomita 216 kwa saa ni mita 60 kwa sekunde, na 72 ni mita 20 kwa sekunde, kwa hiyo mwendo wa wastani hapo katikati ni mita 40 kwa sekunde. Picha 245 ni sekunde 4.08, sawa na umbali wa mita 163. Picha 272 ni sekunde 4.53, sawa na mita 181. Tofauti ni mita 18. Hayo ni magari manne ya aina ile yakipangwa pua kwa mkia.

Sasa tazameni kivuli chenu. Kinafunga breki hatua chache tu kabla ya kile kibao cha pembeni chenye namba 150, kama ilivyokuwa tangu siku ya kwanza. Kwa tairi zake inatosha. Mimi nikifunga naye papo hapo, tunakwenda sambamba kwa muda mfupi, kisha naanza kumpita, na kwa sekunde moja ya kijinga unaweza kudhani unashinda. Huo si ushindi. Yeye anapunguza mwendo na mimi ninashindwa kupunguza. Anapofika pa kukata kona yuko kwenye 72. Mimi mahali hapohapo bado niko karibu na 97. Nazungusha usukani, pua inakataa, gari linakwenda moja kwa moja kama limeitwa na mtu aliye ng'ambo, tairi zote nne zinavuka mstari mweupe, na skrini inaandika kwa herufi nyekundu kwamba nimefeli. Chini yake panatokea ushauri: jaribu kufuata gari la mfano.

Nilikuwa nalifuata, ndugu zangu. Ndicho kilichonifikisha huko.

Nikifunga breki mapema kwa mita zile 18, napita kona vizuri kabisa, safi, bila kugusa kitu, na napewa shaba. Sehemu ya muda inapotelea kwenye breki, na inayobaki inapotelea ndani ya kona zenyewe, kwa sababu tairi isiyoshika vizuri haikuruhusu kupita na mwendo uleule, wala kukanyaga mafuta mapema wakati wa kutoka. Anayejua hesabu za tairi atawaambia kwamba karibu nusu sekunde katika mtihani wa sekunde 19 haitokani na kidole kizito.

Na kabla hamjaniambia habari ya runinga: naijua hoja hiyo. Kwenye mita 60 kwa sekunde, gari linasogea mita moja katika kila picha, na runinga inayochelewesha picha kwa milisekunde 100 inakula mita 6 kabla macho hayajaona kitu. Ndiyo maana runinga yangu iko kwenye hali ya gemu, ile inayopunguza uchelewaji huo, tangu siku niliyoinunua. Pia ni ileile niliyopatia dhahabu tisa, kwa hiyo haiwezi kuwa imeanza uchelewaji siku moja na sasisho lenu.

Kuna jambo jingine ambalo ningelinyamazia kama kivuli kingekuwa kinasema kweli. Maelezo ya maandishi kabla ya mtihani huu yanamtaka dereva amalize kufunga breki gari likiwa limenyooka, ndipo akate kona. Huo ni ushauri mzuri kwa mtu anayeanza. Hata mwalimu aliyenifundisha kuendesha gari la kweli aliniambia hivyohivyo. Lakini kivuli hakifanyi hivyo. Ukitazama kile kiashiria cha breki kilicho pembeni ya skrini, utaona kinaingia kona ya kwanza kikiwa bado kimegusa breki, kisha kinaiachia polepole kadiri usukani unavyozidi kuzunguka. Na kina haki. Ukifunga breki, uzito wa gari unaegemea mbele, tairi za mbele zinabanwa barabarani na kushika zaidi, na hapo ndipo pua inapokubali kugeuka. Ila tairi ina akiba moja tu ya mshiko. Ukiitumia yote kwenye breki, hakibaki cha kugeuzia. Kwa hiyo breki inapungua usukani unapoongezeka, mguu na mkono vinapokezana.

Hilo sikulisoma kwenye maelezo yenu. Nililipata kwa kukikodolea macho kivuli hicho usiku kucha, katika mtihani wa sita, nikirudia na kurudia mpaka siku moja nikahisi padi ya kuchezea inatetemeka kidogo mkononi wakati tairi zinaanza kulalamika, nikaachia breki kama unavyoachia kamba ya mbuzi asiyetaka kuvutwa, na gari likakata kona lenyewe. Nilisimama. Sikumbuki kama niliwahi kusimama kwa ajili ya gemu nyingine yoyote. Nawaeleza haya mjue kwamba mitihani yenu ninaipenda, na kwamba kivuli ndiye mwalimu pekee tuliye naye humo ndani. Maandishi ni ya kumwandaa mtu. Anayefundisha ni kivuli. Sasa mwalimu huyo anaonyesha jambo lisilowezekana, na mwanafunzi anayemwamini zaidi ndiye anayefeli zaidi.

Mtindo huu wa leseni si mpya. Gran Turismo, gemu ya mbio za magari ya PlayStation, ilikuwa nao tangu ilipotoka Japani Desemba 1997, na huingii mashindano makubwa mpaka uwe na leseni yake. Zama zile gemu ilikuwa kwenye diski, na ikishatoka imetoka. Muda wa dhahabu na tairi vilizaliwa pamoja na vikazeeka pamoja. Aliyelalamika kwamba mtihani ni mgumu alijibiwa kwamba ni mgumu kwa wote, na jibu lilikuwa la haki. Leo mnaweza kuingia kwenye mtambo wangu nikiwa nimelala na kubadilisha tairi. Uwezo huo siupingi, kwani kuna makosa mengi mmeyarekebisha kwa njia hiyo, na hata tairi hizi mpya, tukiacha mtihani kando, zinanipendeza kuliko za zamani. Mkia ukianza kutoka zinakupa nafasi ya kuurudisha. Lakini anayebadilisha mizani hana budi kupima upya mzigo.

Mtasema shaba inatosha kufungua mashindano. Kweli, inatosha, na nimeshayafungua. Ila ninyi wenyewe ndio mliotangaza kwamba lile gari la zawadi la leseni ya pili ni la mwenye dhahabu kumi, na kwamba haliuzwi popote ndani ya gemu. Waliomaliza kabla ya sasisho wanalo. Sitaki wanyang'anywe, walilipata kwa jasho lao na kwa tairi walizopewa. Nataka nami nipimwe kwa tairi nilizopewa.

Ombi langu la kwanza, na ambalo sitalegeza, ni kwamba mtu wenu aliyeendesha kivuli cha Monza akae tena kwenye kiti, aendeshe upya kwa tairi za sasa, na muda wa dhahabu utokane na alichofanya yeye. Kama ataweza kwenda kwa 19.400, basi niwekeeni rekodi yake nimtazame, na barua hii mtaichana. Nina hakika tatizo haliko Monza peke yake. Kila mtihani wenye breki nzito kwa magari ya kawaida unapaswa kukaguliwa hivyohivyo. Ile ya magari ya mbio sina malalamiko nayo, kwa kuwa tairi zake hamkuzigusa.

Kama kazi hiyo itachukua muda, basi wekeni angalau tangazo kwenye ukurasa wa mtihani kwamba gari la kivuli lilirekodiwa kabla ya sasisho. Sentensi moja tu. Kuna watu wanaoanza gemu hii leo, hawana video za zamani za kulinganisha, nao wanajiona hawafai. Wengi wataizima na hawatawaandikia barua.

Na kwa kuwa nimeshika kalamu: kitufe cha kurudia mtihani. Nikifeli, nasubiri sekunde 9 kabla ya kurudishwa mwanzo, wakati njia ni ileile na gari ni lilelile. Mara 212 kwa sekunde 9 ni dakika 31 na sekunde 48 za kutazama nembo yenu ikizunguka. Ninaifahamu nembo hiyo kuliko baadhi ya ndugu zangu.

Nimeambatisha video zote mbili, ya zamani na mpya, pamoja na ya tatu inayoonyesha mimi na kivuli tukifunga breki sehemu moja. Samahani kwa sauti zilizomo kwenye hiyo ya tatu. Anayesikika ni mdogo wangu, alikuwa amekaa pembeni yangu, na baada ya mimi kufeli anauliza kwa nini yule mwingine hatoki nje ya barabara ilhali alifunga breki pamoja nami. Sikuwa na la kumjibu, ndiyo nikaamua kuwauliza ninyi.

Nasubiri majibu, yasiyohusu kuzima na kuwasha.

Wenu katika mbio,

Mteja mwenye dhahabu tisa