Taa ya injini ikipepesa, usikubali ifutwe kabla haijasomwa

Mhariri,

Hapa Tanga imezoeleka: gari likiwasha taa ya injini linapelekwa kwa mwenye mashine ya kusomea hitilafu, taa inafutwa, mteja analipa, anaondoka. Kesho kutwa taa iko pale pale. Sisi tunaoshinda na spana na mita huku Ngamiani tunaomba nafasi tueleze kwa nini kufuta huko ni kuharibu ushahidi, hasa taa inapokuwa inapepesa.

Taa iliyowaka na kutulia inakuambia gari lina hitilafu, nenda kwa fundi. Ikipepesa huku injini inatetemeka na gari halivuti, maana yake injini inamisi vibaya: kuna silinda haichomi petroli yake. Kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, inalijua hilo kwa kusoma mzunguko wa kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, kwani silinda isipopiga kranki hupungua kasi kidogo. Petroli ile mbichi haipotei. Inakwenda kuwakia kwenye masega ya ekzosi, kile kichujio cha kusafisha moshi, na masega yakipata joto la kuyayeyusha, yanaziba. Ulikuwa na koili moja mbovu, yaani kile kifaa kinachoipa plagi umeme wa kuwasha petroli, sasa una koili na masega.

Kwa hiyo ukiwa umeipita Muheza unaelekea Segera na taa ikaanza kupepesa, toa mguu kwenye mafuta. Mara nyingi itaacha kupepesa na kubaki imetulia, kwa sababu mzigo wa injini umepungua. Gari halijapona. Nenda taratibu hadi mahali salama, na usiegeshe juu ya nyasi kavu, maana ekzosi ya joto hilo inaweza kuziwasha. Ikiendelea kupepesa hata kwa mwendo mdogo, zima gari na utafute wa kulivuta.

Kwa fundi, sharti la kwanza liwe hili: namba ya hitilafu iandikwe kwenye karatasi kabla ya kufuta chochote. Pamoja na namba, kontroboksi huhifadhi hali ya injini ilivyokuwa hitilafu ilipotokea: mizunguko, joto la maji, mwendo wa gari. Ukifuta, na hiyo imekwenda. P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, hivyo hivyo hadi ya mwisho. P0300 inasema kumisi hakuna silinda moja maalumu. Vitz, Ist na Probox nyingi za zamani zenye injini ya 1NZ, zile zilizotoka Japani moja kwa moja, huleta namba nyingine: P1300, P1305, P1310 na P1315, yaani njia ya umeme wa koili ya silinda ya 1, 2, 3 na 4 kwa mfuatano. Na silinda ya kwanza ni ile ya upande wa cheni na mkanda wa alternata. Tumeona koili nzima ikitupwa kwa sababu mtu alihesabu akianzia upande wa gia.

Ukishajua silinda, usinunue kitu bado. Zima gari, fungua kwa spana namba 10 koili ya silinda inayolalamikiwa, tuseme ya kwanza, na ya silinda nyingine, tuseme ya tatu, zibadilishane. Sasa ndiyo ufute namba, kwa kuwa umeshaiandika, uwashe na usome tena. P0301 ikihamia kuwa P0303, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0301, koili haina kosa, hamia kwenye plagi. Kazi ya dakika kumi, haina gharama ya spea.

Ukiwa umeitoa koili, itazame kabla ya kuirudisha. Chungulia shimo la plagi kwa tochi. Kukiwa na oili, sili za mashimo zilizo kwenye kifuniko cha tapeti zimekauka. Badilisha sili, maana ukibadilisha koili peke yake mpira wake utalowa tena. Kukiwa na maji, uliza gari limeoshwa injini kwa mashine ya presha lini. Huku pwani angalia pia pini za soketi: ukiona unga wa kijani, safisha kwa dawa ya kusafishia umeme na uache pakauke. Kisha kamata soketi yenyewe uitikise. Vile vidoleti vya plastiki vinavyoifunga huvunjika kwa joto na uzee, na mafundi wengi huifunga kwa kamba ya mpira wa tairi. Mpira ukilegea, soketi inacheza, gari linamisi kwenye mashimo ya barabara tu, na mwenye gari anauziwa koili nne.

Plagi nazo zina lugha yake. Iliyolowa petroli haikupata moto. Nyeusi yenye masizi makavu imekula petroli nyingi kupita hewa. Ukiona mstari mwembamba mweusi umeshuka kwenye kauri nyeupe, umeme ulikuwa unatoroka pembeni badala ya kuruka nchani. Plagi hiyo haifai, na mpira wa koili uliokaa nayo ukaguliwe. Kwa 1NZ pengo ni milimita 1.1, na ndiyo maana ya 11 mwishoni mwa namba kama BKR5EYA-11 ya NGK au K16R-U11 ya Denso. Plagi ikidondoka sakafuni pengo linajifunga, ipime kabla ya kuifunga. Na usikaze kwa hasira. Kichwa cha injini ni aluminiamu.

Koili na plagi zikiwa safi, pima kwa mita ukinzani wa nozeli, ile inayonyunyiza petroli: ikipoa iwe na takriban omu 14, na ukiweka bisibisi ndefu juu yake na sikio kwenye mpini, usikie ikigonga kama nyingine. Baada ya hapo ni kompresheni, yaani nguvu ya silinda kubana hewa. Ukitaka kujua silinda ipi haifanyi kazi injini ikiwa inawaka, chomoa soketi ya nozeli, usichomoe koili. Ukichomoa koili unapeleka petroli mbichi kwenye masega, na unaweza kupigwa shoti.

Zikimisi zote na tatizo limeanza mara tu baada ya kujaza tangi, chukua petroli kidogo kwenye chupa ya kuonyesha ndani uiache itulie. Maji yatakaa chini. Ikimisi ikiwa sailensi tu, yaani inawaka bila kukanyagwa mafuta, na kutulia ukikanyaga, tafuta mpira wa hewa uliopasuka.

Tusiwasahau wenye Corolla 100 na 110, ambazo bado ni nyingi hapa mjini. Kwa nyingi ya hizo, taa kupepesa si tangazo la kumisi. Ni namna ya kusoma hitilafu bila mashine. Kuna kiboksi chenye kifuniko ndani ya boneti. Unaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unafungua swichi bila kuwasha injini, unahesabu mipepeso: miwili, kituo, mmoja ni 21, sensa ya oksijeni, miwili na miwili ni 22, sensa ya joto la maji. Ikipepesa mfululizo kwa mwendo mmoja, hakuna hitilafu iliyohifadhiwa. Kwa hiyo gari la aina hiyo likipepesa taa kutwa nzima huku injini iko laini, fungua kile kiboksi kwanza. Mara nyingi utakuta fundi aliyepita amesahau waya wake.

Mafundi umeme wa magari,
Ngamiani, Tanga