Chumba cha Sigara Ndani ya Jengo Hakimlindi Mhudumu

KWA MHARIRI,

Tangu Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 ianze kutekelezwa Julai 2008, anayewasha sigara mahali pa umma nchini Kenya anaweza kutozwa faini ya hadi Sh50,000 au kufungwa jela miezi sita. Sheria hiyo imetufaa, na wanaokumbuka jinsi matatu na ofisi zilivyokuwa zikifuka moshi hawahitaji kuelezwa zaidi. Hata hivyo, ina ruhusa moja ambayo naliomba Bunge liiondoe, nayo ni ile inayompa mwenye jengo nafasi ya kutenga chumba cha wavutaji ndani ya jengo lenyewe.

Chumba hicho kina mtu wa kukifagia. Kuna anayeingia kumwaga majivu, kupangusa meza, kupokea oda na kurudisha chenji, naye haingii mara moja akaondoka kama mteja aliyemaliza sigara yake, bali huingia na kutoka zamu nzima, usiku baada ya usiku. Mara nyingi ni kijana au mama anayelipwa kwa siku, asiye na mkataba wa maandishi, ambaye akikataa kuhudumia meza za humo atapata mwenzake ameshika nafasi yake kesho. Tunapojadili sheria hii huzungumzia haki ya mvutaji na starehe ya mteja, na huyu anayepumua moshi wa wote wawili hatumtaji. Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mfanyakazi haki ya mazingira yafaayo ya kazi. Sioni jinsi chumba hicho kinavyoweza kulingana na haki hiyo.

Watetezi wa vyumba hivi hutuambia kwamba kuta zimefika darini na kwamba feni hutoa moshi nje. Lakini mlango hufunguliwa kila mteja anapopita, na hewa ya ndani hutoka pamoja naye hadi ukumbini. Feni na viyoyozi hupunguza harufu na ukungu unaoonekana kwa macho, ilhali chembe ndogo zenye sumu hubaki hewani. Moshi wa tumbaku una kemikali zaidi ya 7,000, na zipatazo 70 miongoni mwake husababisha saratani. Ndiyo maana miongozo iliyopitishwa mwaka 2007 chini ya Mkataba wa Shirika la Afya Duniani (WHO) kuhusu Udhibiti wa Tumbaku, mkataba ambao Kenya iliuridhia mwaka 2004, inasema waziwazi kwamba hakuna kiwango cha moshi huo kilicho salama, na kwamba kutenga vyumba au kuongeza feni hakutoshi. WHO inakadiria kuwa watu zaidi ya milioni moja wasiovuta hufa kila mwaka kutokana na moshi wa wengine.

Matokeo ya kufunga mlango huu kabisa yanajulikana. Scotland ilipiga marufuku uvutaji katika baa, mikahawa na sehemu zote za kazi zilizofunikwa mwezi Machi 2006, na watafiti waliofuatilia hospitali tisa waligundua kwamba idadi ya waliolazwa kwa mshtuko wa moyo ilipungua kwa asilimia 17 katika mwaka uliofuata, wengi wa waliookolewa wakiwa watu wasiovuta. Wala hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Jirani zetu Uganda walipitisha sheria mwaka 2015 inayokataza uvutaji ndani ya sehemu zote za umma na za kazi bila kubakiza chumba, na hata nje katika umbali wa mita 50 kutoka sehemu hizo.

Najua kampuni za sigara zitapinga, kwani zilipinga pia Kanuni za Kudhibiti Tumbaku za mwaka 2014 hadi Mahakama ya Juu, ambayo ilitupilia mbali rufaa hiyo Novemba 2019. Sina chuki na wavutaji. Wengi wao walianza wakiwa watoto na wametamani kuacha bila kupata msaada wowote, jambo ambalo Wizara ya Afya inapaswa kulishughulikia kwa dhati. Ninachoomba ni kwamba anayetaka kuvuta atoke nje, mbali na milango na madirisha.

Wakati tukisubiri marekebisho, serikali za kaunti zinaweza kuanza na leseni. Kila mwaka baa na hoteli huomba upya kibali cha biashara, na maafisa wa afya ya umma wanaokwenda kukagua vyoo na jikoni wanaweza pia kuingia katika chumba cha wavutaji na kumuuliza mhudumu, bila meneja kuwa karibu, ni saa ngapi kwa siku anafanya kazi humo na kama aliwahi kuulizwa iwapo anakubali.

Msomaji wenu,
Mombasa